Fundi wa gia boksi si fundi yeyote (Jioni na Nesi, sehemu ya 17)

Najua wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu degedege. Itakuja. Leo naomba mnivumilie, maana nataka kuandika kitu ambacho wengine mtasema nesi kachanganyikiwa na shifti za usiku: gari. Tena siyo gari la kupeleka watoto shule. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la spoti la viti viwili, na gia boksi yake iliyokaribia kunivunjia nyumba.

Mtauliza inawahusu nini. Someni kwanza. Kuna mtoto ndani ya habari hii, kuna pesa ya ada, na kuna jambo nimelishika kwa nguvu ambalo baadhi yenu mtalipinga.

Gari lenyewe ni la baba mkwe, Mungu amrehemu. Alilinunua Nairobi mwaka 1976 likiwa tayari limechoka, akavuka nalo mpaka kuja Moshi, na mwaka uliofuata mpaka ukafungwa. Kila Krismasi alikuwa anasimulia hivyo hivyo, kwamba angechelewa kidogo tu angekuwa analiangalia kwa mbali. Alilipenda kwa sababu moja: mashindano ya Safari. Vijana hamkumbuki, na mimi pia nilizaliwa baadaye, lakini wazee wa hapa wakisikia 240Z wanatabasamu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari na gari la aina hii, na aliyeshika nafasi ya pili, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye alikuwa kwenye 240Z. Mwaka 1973 Mehta akashinda yeye mwenyewe. Walilingana pointi na mwenzake wa Datsun nyingine, na ushindi akapewa yeye kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Baba mkwe alisimama barabarani kuangalia. Vumbi lile alilizungumzia mpaka siku za mwisho pale wodini, huku mimi namshika mkono kama mkwe na kama nesi.

Kwa hiyo alipofariki, gari likaja kwa Baba Watoto. Sikupinga. Viti viwili, sisi ni watu watano. Watoto hawapandi, hilo nilisema siku ya kwanza na limebaki hivyo: gari halina kiti cha nyuma, na mtoto simpakati mbele kwenye gari la miaka hamsini. Tunalitoa mara moja au mbili kwa mwezi, mimi na yeye, tunakwenda kunywa chai Marangu tunarudi. Wenye watoto wadogo mnajua saa mbili bila kusikia "mama" zina thamani gani.

Basi mwaka jana likaanza kukwaruza. Ukiingiza gia ya pili, krrrr. Ukiweka rivasi ukiwa umesimama, krrrr zaidi. Na barabarani lilikuwa linalia kama mbu mkubwa.

Baba Watoto akamwita fundi. Simtaji na sitamtaja, ni kijana mwenye bidii anayetengeneza Noah na bodaboda za mtaa mzima, na breki za gari letu la kila siku anazifunga vizuri tu. Alisikiliza gari dakika mbili. Akasema, "Gia boksi imekufa hii." Kesho yake ilikuwa chini, imefunguliwa, iko vipande vipande juu ya turubai chini ya mwembe wetu.

Hapo ndipo naomba msome taratibu.

Ili kuosha vyuma, fundi alitumia mafuta ya taa. Ni kawaida, mafundi wengi wanafanya hivyo. Beseni moja kubwa, na yaliyobaki akayaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, karatasi yake bado imebandikwa. Akaiacha kwenye kivuli cha mwembe akaenda kula. Nilirudi kutoka shifti ya asubuhi nikamkuta kitinda mimba wangu, miaka miwili na miezi minne, amekaa karibu na beseni, chupa ameikumbatia kwa mikono miwili, kifuniko kimeshatoka. Sijui nilifikaje pale. Viatu vilibaki getini.

Hakuwa amekunywa. Mdomo ulikuwa mkavu, hauna harufu, hakukohoa. Nguo zilikuwa na mafuta tumboni. Nikamvua zote, nikamwosha kwa sabuni na maji, nikakaa naye jioni nzima nikihesabu pumzi zake kama yuko wodini.

Nimewapokea watoto wa mafuta ya taa, mama zangu. Kinachowaumiza zaidi siyo tumbo, ni mapafu. Mafuta ya taa ni mepesi, mtoto akipaliwa au akitapika yanateleza yanaingia kwenye njia ya hewa, na hapo inakuja nimonia mbaya. Ndiyo maana tunapiga kelele: mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Usimtie kidole, usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili yatoke. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mkimbize hospitali, na nenda na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima anacheza, mpeleke, kwa sababu kukohoa na kuhema haraka kunaweza kuja saa kadhaa baadaye. Tunawakaa nao kwa muda tukiwaangalia kwa sababu hiyo hiyo.

Nimemaliza somo la leo la unesi. Turudi kwenye gia boksi, maana nilipotoka pale sikuwa na hasira na mafuta ya taa peke yake.

—

Usiku ule tuligombana. Sitawadanganya. Mimi nilisema gari liuzwe hata kama chuma chakavu. Yeye hakujibu, akatoka nje na tochi ya simu, akaanza kuokota vyuma kutoka kwenye turubai na kuvitia ndoo ya plastiki. Nikamwangalia dirishani. Alikuwa anaokota kimoja kimoja, na kila kimoja alikuwa anakipangusa kwenye shati lake. Shati nililofua mimi, lakini tuache.

Kesho yake fundi akaja, akaangalia ndoo, akajikuna kichwa. Kulikuwa na vidude vidogo, magololi madogo na springi zake, ambavyo havikuonekana. Akasema "vitapatikana tu." Wiki tatu zikapita. Alikuwa ameshachukua laki moja na elfu themanini. Kila tukimpigia, yuko njiani.

Shoga zangu wa kikundi cha VICOBA waliponisikia walinigawanyikia. Wengi walisema uza. Wakasema hayo ni mambo ya wanaume, mwache ahangaike na chuma chake, wewe linda pesa ya ada. Mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia, "Nesi, mwanaume akipenda gari bovu ni kama kapata nyumba ndogo. Usimchangie."

Nilicheka. Lakini nilivyolala nikaona hawako sawa, na hapa ndipo penye maoni yangu ya leo. Kosa letu lilikuwa kwenye swali la nani tumpe, na swali hilo mimi nililiacha kwa sababu nilidhani halinihusu. Mimi ambaye nikimpeleka mtoto hospitali siwezi kumwachia mtu amfungue tumbo bila kujua ni nani na kwa nini anafungua. Pesa iliyoliwa ilikuwa ya nyumba yetu wote. Chupa iliachwa mahali wanangu wanapochezea. Halafu naambiwa ni mambo ya wanaume?

Na tuseme kweli, fundi yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kwenye kazi isiyo yake. Wodini kwetu daktari mzuri wa jumla anajua kuandika rufaa. Fundi mzuri wa jumla naye angetuambia: "Hii mimi siifungui, nendeni kwa fulani." Mitaani kwetu neno hilo tumelifanya aibu. Fundi akikiri hajui tunamwona hafai, tunamfuata anayesema "hiyo ndogo tu". Sisi wateja ndio tuliowafundisha mafundi kusema hivyo.

Nikamwambia Baba Watoto: gari haliuzwi. Lakini fundi tunamtafuta wote wawili, na mimi nitamhoji. Na pesa yake inatoka kwenye kibubu chake peke yake, ada na bima ya afya haziguswi hata kwa mkopo wa siku mbili. Akakubali haraka mpaka nikashangaa.

—

Kumtafuta ilituchukua karibu miezi minne.

Kwanza tulijifunza kwamba "fundi gia boksi" ni neno pana. Siku hizi wengi wanaojiita hivyo kazi yao ni kubadilisha. Inatoka gia boksi mbovu, inaingia nyingine iliyotumika kutoka Japani au Dubai, kwisha. Sina ugomvi nao. Gari la biashara likikaa siku kumi ni hasara, na kuifungua ya zamani haina maana kama nyingine ipo dukani. Ingekuwa Hiace yetu ya abiria ningefanya hivyo bila kufikiri. Wawili walitushauri tufunge ya pikapu ya Nissan, na siyo ushauri wa kijinga: gia boksi yetu ni ndugu na zile zilizofungwa kwenye pikapu za Datsun 720, baadhi ya spea zinaingiliana. Lakini uwiano wa gia haufanani, na Baba Watoto alitaka ya baba yake. Hilo ni la moyoni, halina hesabu. Nikaliheshimu.

Tulichohitaji sisi ni mtu anayefungua, anapima, anabadilisha kilichokufa tu, anafunga tena. Hao ni wachache na wengi wao ni wazee. Tuliuliza Unga Limited kule Arusha, tukauliza jamaa aliyeko Gerezani Dar. Tukapiga simu Nairobi, kwa sababu tangu mwaka 2003 kule kuna mashindano ya magari ya zamani ya Safari, na 240Z zinakimbia bado, kwa hiyo mafundi wa kuzihudumia wapo. Mmoja alitujibu vizuri sana na bei yake nayo ilikuwa vizuri sana, kwa upande wake. Kuvusha ndoo ya vyuma mpaka Nairobi na kuirudisha, hapana.

Aliyetupata jina la mzee wetu ni mkerezaji. Hili lishikeni, nimeona lina maana kuliko matangazo yote. Ukitaka kujua nani anafanya kazi ya ndani ya mashine kwa usahihi, kaulize kwa mwenye mashine ya kukereza vyuma au kwa muuza beringi. Wao wanaona kila fundi anachowaletea: nani analeta kipimo kilichoandikwa, na nani analeta chuma kilichopigwa nyundo anasema "nisaidie tu kiingie." Muuza beringi alipoulizwa, naye alitaja mzee yule yule. Ni sawa na ukitaka kumjua daktari mzuri wa upasuaji, usiniulize mimi nikiwa nimevaa sare. Niulize mama yangu mwenyewe nimempeleka kwa nani.

Tukaenda, Jumamosi, nje kidogo ya mji. Gereji ya bati, sakafu ya saruji iliyofagiliwa. Mzee alikuwa anakunywa chai. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Baba Watoto akaweka ndoo chini kwa aibu kama mtoto aliyevunja sahani.

Mzee hakuigusa ndoo. Alianza kumuuliza maswali, na mimi nikasikia raha ambayo sikuitegemea, maana nilikuwa naijua kazi ile. Alikuwa anachukua historia ya mgonjwa.

"Lilikuwa linalia gia ipi?"

"Ya kwanza, ya pili, ya tatu."

"Ya nne?"

Baba Watoto akafikiri. "Ya nne lilikuwa linanyamaza. Ya tano linaanza tena."

Mzee akatikisa kichwa. "Ukiwa umesimama, hujaweka gia, mguu uko nje ya klachi, linalia?"

"Kidogo. Nikikanyaga linaacha."

"Na rivasi inakwaruza?"

"Sana."

Akanigeukia mimi, labda kwa sababu niliinama mbele sana. Akaeleza kwa kutumia vikombe vya chai. Kwenye gia boksi hii, gia ya nne inapita moja kwa moja, injini na propela zinazunguka sawasawa kama kitu kimoja. Gia nyingine zote zinashuka kwanza kwenye shafti ya chini, halafu zinapanda. Kwa hiyo likilia kote na kunyamaza kwenye ya nne, angalia beringi za shafti ya chini. Gia ya pili kukwaruza ni pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, zikilika gia zinagongana meno. Lakini rivasi kwenye boksi hizi haina pete hizo kabisa. Ikikwaruza gari limesimama na umekanyaga mpaka mwisho, maana yake klachi haiachii. "Magonjwa mawili," akasema. "Yule alitibu hata moja kwa kufungua?"

Hakuna aliyejibu.

Halafu zamu yangu. Nilikuwa na maswali yangu kwenye kidaftari cha wodini. Nilimuuliza ameshafungua ngapi za aina hii. Akasema za Datsun nyingi sana, lakini za gari hili hasa nne tu, na moja ilimsumbua ikarudi mara mbili. Hapo ndipo aliponishinda moyo. Mtu anayekumbuka iliyorudi ni mtu anayefuatilia wagonjwa wake. Nilimuuliza atajuaje kitu gani kimepotea kwenye ndoo. Akasema ana kitabu chenye michoro, atapanga vyote mezani kwa kufuata mchoro, pale penye pengo ndipo penye upungufu. Nilimuuliza kama tutarudishiwa spea za zamani. Akashangaa, "Kwani nitazifanyia nini?" Nikamuuliza anaoshea nini na anaweka wapi. Akanionyesha dumu la chuma lenye mfuniko, limeandikwa kwa rangi nyekundu, juu ya shelfu, na mlango wa stoo una kufuli. Ana wajukuu, akasema.

Mwisho nikamuuliza atachukua muda gani. Akajibu hajui mpaka apange vyuma mezani. Nawaambia kweli, baada ya wiki kumi na tano za "kesho mama, kesho", neno "sijui" lilinipa usingizi.

—

Alipopanga, akatuita tuone. Meza ndefu, trei za maandazi za aluminiamu, kila trei na karatasi yake. Nilisimama pale nikakumbuka chumba cha upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ya kisu, na kabla hajatoka chumbani. Kabla hajatoka tunahesabu vifaa na vitambaa vyote kwa sauti. Wanaotuona tunahesabu wanadhani tunapoteza muda. Mzee wa gereji, ambaye sidhani kama ameisikia orodha ile, alikuwa anahesabu magololi kwa sauti, mjukuu wake anaandika.

Beringi ya shafti ya chini ilikuwa na vidonda, ukiipitisha ukucha unasikia. Pete ya gia ya pili ililika, ya tatu ilikuwa nusu. Magololi na springi vilivyopotea vilikuwa vitano. Pete zikaagizwa, na kabla ya kuagiza akasisitiza kitu ambacho kingetula pesa: 240Z ilifungwa gia boksi za aina mbili katika miaka yake, ya mwanzo mafundi wanaiita A, ya baadaye B, na pete za moja haziingii nyingine. Mtu akikuuliza mwaka wa gari tu bila kuangalia boksi lenyewe, usimtumie hela. Yetu ni B.

Kufunga kwenyewe sikuwepo siku zote, nilikuwa na shifti. Nilichokiona ni kwamba nyundo haikutumika. Ganda la aluminiamu alilipasha joto kwanza, beringi akaisukuma kwa presi. Klipu za kushikilia beringi zina unene tofauti, zinapishana kwa sehemu ndogo za milimita, na anachagua kwa kupima, anarudia kupima, anatoa, anaweka nyingine. Alitumia saa nzima kwa klipu moja. Kijana aliyekuja kutafuta spana alimwambia, "Babu, si uweke yoyote?" Babu hakumjibu.

Mambo mawili mengine aliyafanya ambayo nataka mama mwenye mume fundi, au kaka fundi, ayasome.

La kwanza klachi. Alipoitoa, mjukuu alitaka kuipuliza vumbi kwa upepo wa kompresa. Mzee akamshika mkono. Akaipangusa kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa kikafungwa kwenye mfuko. Klachi na breki nyingi za magari ya enzi hizo zilitengenezwa na asbesto, na vumbi lake ukilivuta leo, ugonjwa wa mapafu au kansa unaweza kuja miaka mingi baadaye. Linakuja na nyumbani pia, kwenye ovaroli. Msichanganye ovaroli za gereji na nepi za mtoto kwenye beseni moja, naomba sana. Zilowekeni peke yake, wala msizikung'ute kavu.

La pili mafuta ya gia. Tulikuwa na kopo tulilonunua zamani, limeandikwa GL-5, la bei. Akalikataa. Akasema hilo litafaa difu. Kwa boksi lenye pete za shaba anataka GL-4, kwa sababu ile nyingine ina dawa kali inayoweza kuila shaba, na tena utelezi wake unazifanya pete zisishike vizuri. Niliona kama dozi ya mtu mzima kumpa mtoto: dawa ni nzuri, mgonjwa siyo wake.

Na klachi je, ule ugonjwa wa pili? Ilikuwa silinda ndogo ya chini inavuja. Mpira wake bei yake haifiki ya kilo tatu za nyama. Fundi wa kwanza angekanyaga pedali na kuchungulia chini ya gari, angeiona kabla ya kuteremsha chochote. Boksi lingefunguliwa siku moja, sikatai, beringi ilikuwa imekufa kweli. Ila lingefunguliwa na mtu anayejua anatafuta nini.

Sasa pesa, maana najua mtaniuliza inbox. Ufundi laki sita. Spea na usafirishaji wake milioni moja na laki moja hivi. Ongeza ile laki na themanini ya mwembeni. Wapo watakaosema laki sita kwa mzee mmoja na trei za maandazi ni wizi. Tunalipa spea ya laki tano bila kunung'unika kwa sababu inashikika mkononi, halafu mikono iliyojifunza miaka arobaini tunaiombea punguzo mpaka inatuonea huruma. Sikuomba punguzo. Baba Watoto alianza kuomba, nikamkanyaga mguu.

Na hapana, sisemi kila familia ijenge upya gia boksi ya gari la viti viwili. Kama ada inayumba, kama bima haijalipwa, liuzeni au lifunikeni turubai lisubiri. Letu lingesubiri kama kibubu kisingetosha, na mwenyewe alijua. Ila mkishaamua kutengeneza, kaeni wote wawili mbele ya fundi. Mama unayejua kumhoji msichana wa kazi, mwalimu wa chekechea na daktari wa mtoto, huwezi kushindwa kumhoji fundi. Hujui jina la chuma, sawa. Utajua mtu anapokukwepa.

Gari lilirudi mwezi wa pili. Haliimbi tena. Rivasi inaingia kimya, gia ya pili bado ngumu asubuhi kukiwa na baridi, mzee amesema ndivyo pete mpya zilivyo, tulirudishe likishatembea kilomita mia tano alimwage mafuta aangalie kama kuna unga wa chuma kwenye sumaku ya nati. Tumefika mia tatu na kitu. Jumapili tulikwenda Marangu, na kwenye kona moja Baba Watoto akashusha kutoka ya tatu kwenda ya pili, hakuna sauti, akanitazama kama mtu aliyefaulu mtihani wa baba yake.

Spea za zamani ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, juu kabisa. Pale chini ya mwembe haoshwi mtu wala chuma.

Degedege wiki ijayo, kweli safari hii. Wenye maswali ya mafuta ya taa andikeni hapa chini, nikitoka shifti ya usiku kesho asubuhi nitajibu. Wenye maswali ya gia boksi nitamsomea Baba Watoto.